Mtandio wa kuazima: kisa cha basi la Mandera

Wengi wakisimulia kisa hiki wanaanza na bunduki, mimi naanza na mtandio, manake bila mtandio pengine leo tusingekuwa na cha kujadili, tungekuwa tumehesabu maiti tu kama mwaka uliotangulia.

Jumatatu tarehe 21 Desemba 2015, basi limetoka Nairobi linaelekea Mandera, kule Kenya inakopakana na Somalia, shule zimefungwa na Krismasi iko mlangoni. Karibu na El Wak likavamiwa na Al-Shabaab. Na katika ule muda mfupi abiria Waislamu, wengi wao Wasomali wa huko huko, wakawavalisha wenzao Wakristo nguo zao ili wasijulikane kirahisi. Kama hujawahi kufunga ushungi utaona ni kitu kidogo. Mimi nimemwona mgeni wa harusi akijaribu mara ya kwanza, kwa raha zake, mbele ya kioo, hakuna anayemkimbiza, na bado ikamchukua robo saa, pini inamdunga kidevu, rasta zinachomoza kisogoni, upande mmoja mrefu mwingine mfupi, mpaka shangazi yangu akamwonea huruma akamfunga yeye. Sasa hebu fikiria hiyo kazi ndani ya basi lililosimamishwa na watu wa bunduki, mikono inatetemeka, na anayekufunga ni mama ambaye hata jina lako halijui, mmejuana kwa kukaa viti vya karibu tu.

Wavamizi wakataka watu wagawanyike, Waislamu huku, wasio Waislamu kule. Abiria wakakataa. Wakawaambia, kwa jinsi waliokuwemo walivyokuja kusimulia, tuueni sote au mtuache. Waliuawa watu wawili siku ile. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi, akapelekwa Nairobi kutibiwa, na Januari 2016 akafariki huko hospitalini. Machi mwaka huo huo rais wa Kenya akamtunuku nishani, mwenyewe ashazikwa.

Na msidhani walikuwa hawajui wanachokifanya. Kila aliyekuwa kwenye lile basi alijua "gawanyikeni" maana yake ni nini. Tarehe 22 Novemba 2014 basi jingine la Mandera lilitekwa hivyo hivyo, wakatengwa, wakajaribiwa kwa Kurani, wakauawa watu 28, wengi walimu waliokuwa wanarudi kwao likizo. Aprili 2015 ikawa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Na kabla ya hapo Westgate, lile jengo la maduka Nairobi, 2013, kuna walioulizwa mama yake Mtume anaitwa nani. Yaani dini ilishakuwa mtihani wa mdomo, ukifeli unakufa.

Sasa swali lenyewe. Kumvisha mtu nguo ili aonekane si yeye ni udanganyifu, tusizungukezunguke. Na kwa dini zote mbili udanganyifu ni dhambi. Tena huu si udanganyifu wa bei ya samaki, huu unahusu imani yenyewe, mtu anaonekana anamwabudu Mungu kwa namna ambayo sio yake. Hapa barazani kwetu Malindi jibu la haraka lilikuwa "Mungu anaelewa." Mimi hilo jibu silipendi, sio kwa sababu si kweli, ila kwa sababu linafungua kila mlango. Jamaa akimpa polisi kitu kidogo barabarani, Mungu anaelewa. Mtu akighushi cheti cha form four, Mungu anaelewa, ana watoto. Na tusisahau, hata yule mwenye bunduki kwenye ile barabara naye alikuwa na Mungu wake anayeelewa, ndo maana aliweza kulenga. Ukiacha jibu hivyo hivyo basi umewaweka mama wa mtandio na mwenye bunduki kapu moja, wote wamefanya kitu kibaya kwa ajili ya dini.

Kwa hiyo nataka tuwatenge watu watatu ndani ya lile basi, manake magazeti yaliwachanganya wote wakaitwa mashujaa wa Mandera tu, kumbe kila mmoja alikuwa na mtihani wake.

Wa kwanza ni aliyetoa mtandio. Huyu kesi yake kisheria ya dini ni nyepesi kuliko unavyodhani. Ustadh wetu alilimaliza kabla kahawa haijapoa. Akasema Imam Nawawi, yule mwanachuoni wa Sham, Siria ya leo, aliyefariki 1277, ameliandika waziwazi, mtu akijificha kwako anamkimbia dhalimu anayetaka kumuua, ukaulizwa yuko wapi, hapo kusema uongo si ruhusa tu, ni wajibu. Ukisema kweli ndo una dhambi. Ila akaongeza kwamba bora zaidi ni tauriya, yaani useme neno lenye njia mbili, muulizaji afahamu yake na wewe ukusudie yako, ulimi usichafuke. Mzee mmoja akamuuliza, "Sasa Ustadh, mtandio ni uongo au ni tauriya? Manake mtandio hausemi kitu." Ustadh akacheka, akasema hilo swali zuri, akanywa kahawa. Mimi nadhani mzee alishika pazuri. Nguo haijasema "huyu ni Muislamu." Anayeitazama ndiye anayejisomea. Masista wa Kikatoliki wanafunika nywele, wamama wa Kihabeshi wanaenda kanisani wamejitanda shuka jeupe kichwani, hakuna anayesema wamesilimu. Lakini tusijidanganye na hilo pia, manake yule mama alipoutoa alijua kabisa utasomwaje, na ndivyo alivyotaka usomwe.

Kuna kitu Nawawi alichosema ambacho kinakwenda ndani zaidi kuliko ruhusa. Anazungumzia mtu anayemficha mwingine. Anayesema uongo hapo hajiokoi yeye. Na hapa ndo mimi nimeweka mzani wangu: nani analipa? Yule mama wa Kisomali angekaa kimya na mtandio wake kichwani, yuko salama, wale watu walikuwa hawamtafuti yeye. Alipotoa wa pili kwenye begi akampa jirani, pale pale ameingiza kichwa chake kwenye shimo ambalo halikuwa lake. Akigundulika anauawa kama msaliti, pengine kabla hata ya Mkristo. Uongo wake umemgharimu yeye ukamfaidi mwingine. Mwenye kughushi cheti gharama ni ya nani? Ya mgonjwa atakayedungwa sindano na mtu asiyesoma. Na mwenye bunduki ndo usiseme, ibada yake yeye inalipwa na damu ya watu.

Tena wanafikihi, wajuzi wa sheria ya Kiislamu, wenyewe waliweka uzio hapo. Watu wanapenda kuitaja dharura, nyamafu imehalalishwa kwa mwenye njaa, Suratul Baqara aya ya 173, lakini aya haijaishia hapo, imesema bila kutamani wala kupita kiasi, na wao wakatoa kanuni kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Unakula ya kukutoa kifoni, hubebi na ya kesho kwenye mfuko. Na kuna kitu kimoja dharura haikihalalishi hata ushikiwe upanga shingoni, nacho ni kumuua asiye na hatia ili wewe upone, manake damu yako haina thamani kuliko yake. Kwa hiyo ule mlango upo, ila ni mwembamba, mtandio unapita, bunduki haipiti.

Wa pili ni aliyevaa. Huyu ndo mgumu, na ndo watu hawamzungumzii, sijui kwa nini, labda kwa sababu ni mwanamke aliyekaa kimya na kimya hakina picha nzuri.

Jirani yetu katekista, mzee wa Kigiriama, siku ile alikuwa amekuja kwa mambo ya maji ya mtaa lakini akanaswa na mjadala. Akasema, "Mimi wenzangu hapo ndo nasumbuka. Bwana alisema atakayenikana mbele ya watu. Petro alikana mbele ya kijakazi tu, hana hata fimbo, akalia machozi." Nikamwambia lakini Petro si ndo akapewa kanisa. Akasema ndio, baada ya kulia. Basi akatueleza kisa ambacho mimi nilikuwa sikijui, cha mwaka 250, Kaisari Decius alipoamuru kila mtu Rumi yote atoe sadaka kwa miungu apewe cheti. Kuna Wakristo waliotoa sadaka, na kuna waliokuwa wajanja zaidi, hawakutoa sadaka yoyote, wakanunua cheti tu kinachosema wametoa. Cheti feki. Mikono safi, karatasi inadanganya. Na kanisa la kule Karthago, chini ya askofu Sipriani, halikuwapitisha hivi hivi, liliwataka watubu kabla ya kurudishwa mezani. Sipriani mwenyewe alikuja kukatwa kichwa mwaka 258 kwa kukataa kutoa sadaka, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuwaambia wengine wafe yeye amejificha, ingawa wakati wa Decius mwenyewe alijificha, na wenzake wakamsema sana. Unaona mambo hayo yasivyonyooka.

Ustadh akamjibu kwa Ammar bin Yasir. Hiki Waislamu wengi tunakijua ila tunakisimulia nusu. Nyumba moja Makka, baba Yasir, mama Sumayya, mtoto Ammar, wanateswa waache dini. Mama akakataa, akauawa, ndiye shahidi wa kwanza. Mtoto akasema walichotaka aseme, wakamwacha. Akaja kwa Mtume analia, akaulizwa, moyo wako unauonaje? Akasema umetulia kwenye imani. Akaambiwa wakirudia, nawe rudia. Ikashuka aya, Suratun Nahl 106. Nusu tunayoiacha ni kwamba nyumba ni ile ile. Hakuna aliyesema Sumayya alikosea kufa wakati ruhusa ipo, na hakuna aliyesema Ammar ni mwoga. Dini imewaheshimu wote wawili, yule aliyelipa yote na yule aliyeshindwa kulipa.

Katekista alipolisikia hilo akakaa kidogo, akasema kuna mtu kama huyo kwao, Naamani yule jemadari wa Shamu aliyepona ukoma. Alimwamini Mungu wa Israeli lakini kazi yake ni kumshika mkono mfalme wake akiingia hekalu la Rimoni, na mfalme akiinama itabidi na yeye ainame. Akamuuliza Elisha, jambo hili Bwana atanisamehe? Na Elisha hakumpa hotuba, alimwambia enenda kwa amani. Nabii mzima, mkali kama Elisha. Mimi nilienda nyumbani nikaitafuta, iko Wafalme wa Pili sura ya 5, na kweli jibu ni fupi hivyo, wala hakumwambia ni sawa, wala hakumwambia ni dhambi.

Kwa hiyo aliyevaa simuiti mkanaji. Lakini pia sitamwambia hajafanya kitu, manake mwenyewe anajua alivyojisikia ule ushungi ulivyomgusa shavu.

Hili nalijua kwa mtu. Kuna mwalimu mmoja wa kike, Mkamba wa Kitui, tulifahamiana kazini kwa mke wangu hapa Malindi, alifundisha Mandera mpaka Novemba 2014, na baada ya lile basi la kwanza hakurudi tena, yeye na mamia ya walimu wenzake wa bara walikataa, mwaka wote wa 2015 ilikuwa mvutano. Alikuwa amepanga chumba kwa mama mmoja wa Kisomali. Yule mama, bila kuulizwa, alimpa mtandio, mweusi wenye maua madogo pembeni, akamwambia huu uwe kwenye pochi kila ukisafiri. Kisha akataka kumfundisha shahada, yale maneno ya kukiri Uislamu. Mwalimu mtandio akaupokea, shahada akakataa. Mwenzake wa chumba akaishika yote, herufi kwa herufi, anairudia akiosha vyombo kama wimbo wa redio. Huyu yeye akamwambia mama mwenye nyumba, "Mama, hiyo nguo nitavaa. Lakini hayo maneno nikiyatamka bila kuyaamini, nitakuwa nimemdanganya nani, wao au Mungu?" Yule mama hakukasirika, akamwambia basi ukiulizwa jifanye bubu.

Mimi hapo nimefikiri sana. Ukimuuliza Ustadh atakwambia shahada bila nia haikufanyi Muislamu, ni sauti tu. Ukimuuliza katekista atakwambia kuvaa tayari ni kukana. Huyu dada kajiwekea mpaka wake katikati, kitambaa ndio, ulimi hapana, na hakuna kitabu kilichompa huo mpaka. Naona alikuwa sahihi kwa nafsi yake. Na mwenzake aliyeikariri sidhani alikosea. Najua ni jibu la kuudhi, lakini mtihani wa aliyevaa ni kati yake na Mungu wake, mwingine hawezi kuusahihisha, tofauti na wa aliyetoa ambao gharama yake tunaiona kwa macho.

Wa tatu ni mwalimu Salah, na kwake ndo kitu kinageuka. Angalia vizuri alichosema yeye na wenzake: tuueni sote au mtuache. Hapo uongo uko wapi? Haupo. Hawakusema hapa wote ni Waislamu. Kwa kusema hivyo walikuwa wamekubali kabisa kwamba ndani kuna wasio Waislamu, ila hatuwaoneshi. Na ilibidi iwe hivyo, manake mtandio ni wa wanawake, mwanamume wa bara humfichi kwa kofia peke yake, ana sura yake na jina lake liko kwenye kitambulisho. Kukataa kugawanyika ndo ulikuwa mtandio wa wanaume.

Katekista akatoa kingine tena, yule mzee kumbe ni hazina, tulikuwa tunamuuliza mambo ya bomba tu miaka yote. Kuna Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa kaskazini, huko ambako leo ni Algeria, ambaye alishikilia kwamba uongo ni dhambi hata kuokoa maisha. Msimamo mkali, mimi siuwezi. Lakini huyo huyo Agostino anamsifu askofu mmoja wa Tagaste, mji aliozaliwa yeye, anaitwa Firmo. Firmo alimficha mtu. Wakaja watu wa Kaisari, wakamuuliza. Akawajibu, kusema uongo siwezi, na kumtoa mtu siwezi. Wakamtesa. Hakusema. Wakampeleka kwa Kaisari, na Kaisari akastaajabu akamsamehe yule mtu aliyefichwa.

Tukanyamaza wote, manake kila mmoja aliona basi. Siwezi kusema uongo na siwezi kumtoa mtu, hiyo ni Salah Farah mtupu, karne nyingi mbele, mtu wa dini nyingine, bara lile lile.

Ila mimi nina neno na Agostino, na nililisema pale pale. Firmo alipata Kaisari mwenye moyo. Wale wa El Wak hawakuwa Kaisari. Ule msimamo safi wa kukataa ulisimama kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mitandio, na mle ndani wavamizi wasingeweza tena kujichagulia kwa macho, ikawa lazima waulize na wategemee jibu, na jibu hawakupewa. Ukiutoa udanganyifu wa wanawake, ukweli wa wanaume unabaki maneno mazuri tu, wangechagua wenyewe. Kwa hiyo nikisikia mtu anamsifu mwalimu kwa kutosema uongo halafu anawaombea msamaha wamama kwa kudanganya, naona hajalielewa lile basi. Hata Biblia ya katekista ina Rahabu, aliyewafunika wapelelezi kwa mabua ya kitani darini akasema wameshaondoka, na ina Shifra na Pua, wakunga waliompiga Farao chenga mchana kweupe, na Mungu akawafanyia mema. Wote wanawake. Labda kwa sababu mwanamke mara nyingi hana nafasi ya kusema "nakataa" akasikilizwa, ana kitambaa, ana mabua, ana hadithi ya kumwambia Farao.

Kuna mmoja barazani aliuliza, je, kama uongo ule ungeshindwa, wakauawa wote pamoja na wale Waislamu, bado ungekuwa halali? Ustadh akasema hukumu iko kwenye nia na kwenye dhana yenye nguvu, si matokeo. Mimi nakubaliana naye, ila naongeza kwamba wawili walikufa hata hivyo, na mwalimu akawa wa tatu, kwa hiyo tusiseme njia ile ilikuwa na dhamana. Waliingia bila dhamana yoyote, na hilo ndo linanifanya nisiite kitendo chao ujanja.

Yule mwalimu wa Kitui bado tunaye hapa. Juzi tumepanda naye matatu ya Mombasa, amefungua pochi kutafuta nauli, nikauona, mweusi wenye maua madogo pembeni, umekunjwa vizuri. Nikamuuliza, "Mwalimu, huku kwetu bado unabeba?" Akaufunika na leso haraka, akasema ni wa baridi, hizi gari zina AC sana. Nikatazama madirisha, yote yalikuwa wazi, na jasho linatutoka.